Mdogo Wangu, Mtoto Amekosa Nini Hata Umtie Gizani?

Wadogo zangu wa Nyakitonto, na ninyi wa Makere, wa Kasulu mjini na wa Kibondo, sogeeni. Leo hatuwasemi waume wala mawifi. Leo ni habari ya ukuta wa sebule, na hasa ile picha ya mtoto ambayo wengine wenu mmeshaitundika, na wengine mmelipia kianzio mnasubiri fremu. Mnaijua ninayoisema. Nyuma kitambaa cheusi. Mtoto kavalishwa nguo nyeusi, taa moja imempiga ubavuni, nusu ya uso inaonekana na nusu imemezwa. Ameambiwa asicheke. Macho yako chini, mabega yamemshuka. Kisha mpiga picha akakaa kwenye kompyuta, akaondoa rangi, akaongeza weusi, akakwambia, "Mama, hizi ndizo za kisasa." Nawe ukaridhika, kwa sababu uliiona moja kwenye simu ya mtu wa Dar es Salaam na ikakuvutia.

Sikugombezi kwa kupenda kizuri. Nani asiyetaka mwanawe apendeze? Umelipa nauli mpaka mjini, mtoto umembeba mgongoni ili viatu vipya visiguse vumbi, halafu unafika studio unakuta pazia lile lile la maporomoko ya maji na maua ya plastiki. Ukaona haya, ukataka kitu tofauti na cha jirani. Hilo nalielewa kabisa. Kinachonikera ni kwamba uliuliza bei, ukauliza ukubwa, ukauliza itakuwa tayari lini, ila hukuuliza hata mara moja mwanangu ataonekanaje. Kuuliza si ujinga, mdogo wangu. Pesa ni yako, na mtoto ni wako.

Sasa ngoja mama mkwe aje. Atapokewa, atapewa kiti, atanyanyua macho ukutani. Kwetu picha ya mtu mmoja, nyeusi na nyeupe, uso umetulia, fremu nyeusi, ina kazi yake na kila mtu anaijua. Ndiyo hubebwa mbele ya jeneza. Ndiyo huwekwa mezani juu ya kitambaa cheupe siku ya msiba. Ndiyo hutoka gazetini chini ya neno Kumbukumbu, familia ikihesabu miaka tangu marehemu aondoke. Basi mama wa watu atanyamaza. Ataitazama picha, atakutazama wewe, kisha atauliza kwa sauti ya chini, "Na huyu naye alikuwa wenu?" Mtoto mwenyewe yuko nje anafukuza kuku! Utacheka, utamwita aje asalimie, lakini moyo utakuwa umeshakudunda. Na kila mgeni mpya atakuja na swali lile lile, kwa sababu macho hayana pazia, na watu husoma picha kwa yale waliyozoea kuyaona. Huwezi kusimama mlangoni ukimweleza kila mtu kwamba hii ni sanaa, si tanzia.

Wewe uliyempoteza mtoto, hapa sisemi na wewe. Picha yake itundike, na mtu asikuharakishe kuitoa. Ila ukiwa na mbili, moja ya huzuni na nyingine aliyopigwa akicheza, nakuomba utundike ya mchezo. Aliishi kabla ya kufa, na hayo maisha yake ndiyo wadogo zake wanapaswa kuyajua.

Msije mkasema dada anataka kila mtoto atoe meno nje. Hapana. Tazameni picha za zamani za pwani yetu. Pale Unguja, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930. Mombasa, N. V. Parekh alikuwa na studio yake tangu miaka ya 1940 mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1980. Watu waliingia mle wamevaa walichonacho kizuri kuliko vyote, wakasimama wima, wakatazama kamera bila kucheka, watoto na wakubwa. Nyingi ya picha zile ni nyeusi na nyeupe. Hata hivyo hakuna anayeziona akauliza nani amekufa. Kwa nini? Kwa sababu mtu ameangaza uso wake, shingo imenyooka, macho yanakutazama na yanajua yanatazamwa. Ule ni uso wa heshima. Uso wa heshima na uso wa huzuni havifanani hata kidogo, ingawa vyote viwili havicheki. Mtoto wako akisimama wima bila kucheka kwa sababu ndivyo alivyo, mwache. Akiinamishwa kichwa na mtu wa kamera ili aonekane ana majonzi, hapo umeibiwa, na umelipia kuibiwa.

Niwaambie kinachonichoma zaidi. Sisi wa nyanda hizi za Kigoma tunaishi na kambi za wakimbizi miaka nenda rudi. Nyarugusu, jirani zetu wa Makere, ipo tangu 1996 walipokuja ndugu zetu Wakongo. Mwaka 2015 Warundi wakaingia kwa makumi ya maelfu, Nyarugusu ikafurika, na Nduta ya Kibondo ikafunguliwa tena. Wageni wenye kamera kubwa wamekuja na kurudi. Mnazijua picha zilizotoka huko na kwenye kambi nyingine duniani: mtoto peke yake, nyuma pamefifia, macho makubwa, shavu lina vumbi, hakuna mama wala kaka wala jina. Picha hizo zilipigwa ili mtu wa mbali aone huruma afungue mkoba. Pengine zilileta unga na dawa, sitazitukana. Lakini yule mtoto alikuwa na mama, alikuwa na mchezo anaoupenda, alikuwa na utani wake na wenzake, na yote hayo yaliachwa nje ya picha makusudi, kwa sababu furaha ya mtoto haichangishi pesa.

Sasa wewe, mwenye ugali wako wa muhogo na maharage yako, mtoto ameshiba, ana daftari na ana bibi anayemdekeza, unamlipa mtu amgeuze mwanao awe bango la michango? Unamtafutia huruma ya nani, ndani ya nyumba yenu wenyewe?

Na kuna picha za aina nyingine zilizotoka kwenye misukosuko hiyo hiyo. Baada ya mauaji ya Rwanda ya 1994, maelfu ya watoto walipotezana na wazazi wao njiani. Kule Goma, upande wa Kongo, Msalaba Mwekundu wa Kimataifa, UNICEF na wenzao waliwapiga picha watoto hao mmoja mmoja, kila mmoja na namba yake, kisha picha zikabandikwa kwenye mbao kambini ili wazazi wapite wakitafuta. Hakuna aliyeleta kitambaa cheusi pale. Hakuna aliyemwambia mtoto atazame pembeni. Uso ulikaa mbele, mwangaza wa kutosha, kovu lionekane, pengo la jino lionekane, masikio yaonekane, kwa sababu mama hutambua vitu hivyo kabla ya vingine vyote. Na kina mama walitambua. Mtoto aliyekuwa namba akarudi kuwa mwana wa fulani.

Mdogo wangu, pima hapo. Picha ya kwanza inataka mgeni alie. Picha ya pili inataka mama amjue mwanawe. Ukuta wa nyumba yako unahitaji ipi? Mimi sioni hata haja ya kukujibia.

Halafu kuna jambo la ngozi yetu, na hili lisikilizeni vizuri kwa sababu wapiga picha wengi hawalisemi. Ngozi nyeusi hunywa mwanga. Ukimweka mtoto wa rangi yetu mbele ya kitambaa cheusi, ukampa taa moja hafifu, kisha ukaongeza weusi kwenye kompyuta, kinachobaki ni weupe wa macho na ncha ya pua. Yale mashavu unayoyabusu kila asubuhi yamekwenda. Tena ubaya huu una historia. Filamu za rangi za Kodak zilizotawala dunia zilipimwa miaka mingi kwa kadi yenye picha ya mwanamke mweupe, kadi zilizojulikana kwa jina la Shirley. Ngozi yake ndiyo ikawa kipimo cha rangi sahihi. Darasa lenye watoto weupe na weusi likipigwa picha moja, weupe walitoka vizuri na weusi walizama. Lorna Roth, mtafiti wa Kanada aliyechapisha utafiti wake juu ya kadi hizo mwaka 2009, alieleza kwamba waliochangia sana kuisukuma Kodak ibadilike walikuwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, waliolalamika kwamba rangi za bidhaa zao hazitoki sawasawa. Malalamiko ya wazazi wa watoto weusi hayakuwa na uzito huo. Umeona? Mashine zilimzamisha mtoto mweusi kwa sababu hazikumfikiria. Leo simu yako inaweza kumtoa vizuri kabisa, halafu wewe mwenyewe unalipa azamishwe tena. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni.

Lakini msinigeuzie maneno. Nisije nikasikia kesho, "Dada kasema picha nyeusi ni mbaya," ukaenda studio ukaagiza mtoto apaushwe. Hilo ni baya zaidi. Ile filta inayomfanya mtoto wa Kiha atoke na rangi ya maziwa inamwambia neno moja kila akipita sebuleni, kwamba alivyozaliwa hakutosha. Atakua analitazama. Akifika umri wa kununua vipodozi usishangae atakachochagua. Usimzamishe na usimpaushe. Atoke na rangi aliyotoka nayo tumboni.

Turudi nyumbani, kwenye nyumba zetu hasa. Nyingi ni za matofali ya kuchoma, madirisha madogo kwa sababu ya baridi ya juu huku na kwa sababu ya wezi. Mvua zikianza mwisho wa mwaka mbingu hukaa na wingu mpaka mchana. Sebule ni ya kiza tayari. Wengine mna taa ya sola moja, nayo mnaibania mpaka jioni. Picha uliyoiona kwenye simu iling'aa kwa sababu kioo cha simu kina taa yake ndani. Karatasi haina taa. Ikisafishwa hutoka nyeusi kuliko ulivyoiona, na ukiiweka nyuma ya kioo cha fremu kwenye chumba hicho, utakachokiona ni dirisha la upande wa pili na sura yako mwenyewe unapita na sufuria. Umetumia pesa za gunia la maharage kununua kioo cha kujitazamia! Kwa hiyo kabla ya kusafisha kubwa, mwambie akutolee ndogo kwanza, nenda nayo nyumbani, ibandike pale pale inapokwenda kukaa, kaa kwenye kiti cha mgeni uitazame mchana na uitazame usiku. Kama uso hauonekani, mrudishie aiongezee mwanga. Mpiga picha mwenye adabu hatakasirika, na atakayekasirika amekuonyesha pa kutorudi.

Je, giza limelaaniwa lote? Hapana, na nisipowaambia hili nitakuwa nimewadanganya. Mholanzi Rembrandt, mchoraji, mwaka 1655 alimchora mwanawe Titus akiwa na miaka kama 14, amekaa kwenye meza yake ya kuandikia. Picha ile iko Rotterdam mpaka leo. Nyuma ni giza la kahawia, nguo nazo zimefifia. Lakini uso wa kijana umeangazwa wote, kidole gumba kimegusa shavu, kalamu iko mkononi, anawaza. Baba yule alikuwa amezika watoto watatu wachanga kabla ya Titus, na mama wa kijana, Saskia, alifariki 1642 mtoto hajatimiza hata mwaka. Angekuwa na kila sababu ya kumchora kwa majonzi. Badala yake mwanga wote alionao akaumwaga kwa mwanawe, giza likabaki nyuma kumtumikia. Tena Titus hakuambiwa ajifanye ana huzuni. Alikuwa na mawazo yake mwenyewe, baba akayaheshimu.

Ndiyo maana nasema tatizo si rangi nyeusi. Tatizo ni giza likikaa usoni, na huzuni ikiwa ya kuagizwa. Mtoto mpole wa tabia, anayependa kukaa peke yake na kitabu, anaweza kupigwa picha tulivu yenye kivuli, na ukimwonyesha bibi yake atasema, "Eeh, huyu ndiye mwenyewe." Hiyo tundika. Lakini mtoto anayeimba kutwa, anayepanda miembe, anayekujibu kabla hujamaliza swali, ukimpiga picha akiwa kama mjane, bibi hatamtambua, na yeye mwenyewe hatajitambua. Miaka ishirini ijayo atamwonyesha mwanawe picha ile na mwanawe atauliza, "Baba, ulikuwa unaumwa?" Atajibu nini?

Na wale wenye vijana wa sekondari, najua wao wenyewe ndio wanaozitaka hizi picha. Kijana yuko kwenye umri wa kujiona mzito kuliko dunia. Usimgombeze. Mwache apigwe moja, aibandike chumbani kwake au aiweke kwenye simu yake. Ila kaa naye jioni, muulize polepole kama ni mtindo tu au kuna kitu kinamkaa moyoni. Mara nyingine mtoto huonyesha kwa picha anachoshindwa kukisema. Ukikuta ni mtindo, mcheke mcheke. Ukikuta ni zaidi, hapo picha imekusaidia, na ukuta unaweza kusubiri.

Sasa mtapigaje ya sebuleni? Wala haihitaji mambo makubwa. Mtoe mtoto kibarazani asubuhi, au jioni jua likishalegea. Saa sita mchana msijaribu, jua la utosini huchimba mashimo ya kivuli machoni. Akae kwenye kivuli cha ukuta lakini uso uelekee nje kwenye mwanga. Nyuma yake pasiwe na anga jeupe, la sivyo simu itapima anga na kumsahau yeye. Ukiwa na simu ya kugusa, mguse usoni pale kwenye kioo, itampima yeye. Mpe mtu ashike kanga nyeupe au shuka jeupe pembeni kidogo, mwanga utarudi kwenye shavu la kivulini. Nguo avae anayoipenda, hata kama ni ya shule. Kisha mwacheni ajisahau. Muulize habari za mbuzi, muulize nani alimshinda mbio, atakupa uso wake halisi bila kuombwa. Studio ya mjini nayo ni nzuri, nenda tu, ila ingia ukijua unachotaka. Usiache mbachao kwa msala upitao: mitindo ya kuediti itabadilika kabla fremu haijashika vumbi, na uso wa mwanao akiwa na miaka sita hautarudi tena.

Kabla hujapigilia msumari, hesabu. Watoto wa nyumba hiyo wote wako ukutani? Yule uliyemkuta kwa mume, yule wa marehemu dada yako, yule anayeteka maji na wenzake asubuhi, picha yake iko wapi? Wadogo zangu, hapa ndipo ninapowakazia. Mtoto anayelala chini ya paa lako na hayumo kwenye ukuta wako anajua. Hatasema, lakini anajua. Giza baya kuliko yote ni lile la mtoto ambaye hakupigwa picha kabisa. Afadhali picha ndogo ndogo za wote kuliko moja kubwa ya mmoja. Na kama ninyi ni nyumba ya dini isiyotundika picha za viumbe, hilo liheshimuni wala msione mmepungukiwa. Ziwekeni kwenye albamu, mzitoe wakati wa mazungumzo, kila mtoto aonyeshwe yake.

Neno langu ni hili. Picha ya giza yenye uso unaoonekana na tabia ya kweli ya mtoto, moja, chumbani au kwenye kona yenye mwanga, inafaa. Picha ya huzuni ya kuagizwa haifai ukutani kwa familia, hata iwe ya mpiga picha gani na fremu ya bei gani. Uliyekwisha kutundika usijione mjinga, mmekuwa wengi. Ishushe taratibu, uiweke kabatini, fremu hiyo hiyo itumie tena. Jumamosi asubuhi mtoe mtoto kibarazani umpige nyingine, na mwache yeye achague ipi ipande ukutani.